Draiva huria au draiva funge: ulinganisho kwa anayenunua kompyuta iliyotumika Dar

Juma lililopita nilimsindikiza mdogo wangu Kariakoo kutafuta laptopu ya kazi. Duka la tatu, muuzaji alitutolea ZBook moja nene, nzito kama tofali, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Kaka, hii ni mashine ya mainjinia. Ina kadi yake kabisa, NVIDIA Quadro. Haigandi." Bei ilikuwa nzuri, tena ya kushawishi. Nikaomba dakika tano, nikachomeka flashi yangu yenye Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, nikaiwasha mashine kutoka kwenye flashi, nikafungua terminali na kuandika lspci -k, amri inayoorodhesha vifaa vya mashine na draiva zake. Mistari ikashuka. Karibu na katikati nikaiona kadi: Quadro P1000. Chini yake, kwenye mstari unaotaja draiva inayotumika, neno moja tu: nouveau.

"Sasa hiyo ndiyo nini?" mdogo wangu akauliza. "Ni nzuri au mbaya?"

Pale dukani sikuweza kumjibu vizuri, maana nyuma yetu wateja walikuwa wanasubiri. Jibu lenyewe ni hili hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote aliyekwama kati ya draiva huria na draiva funge, au anayetaka kununua mashine bila kujua kwamba uamuzi huo tayari umo ndani ya boksi.

Tunalinganisha nini hasa

Kadi ya michoro na mfumo endeshi haviongei lugha moja. Katikati yake anasimama mkalimani, ndiye draiva. Programu ikitaka kuchora dirisha, kucheza video au kukokotoa taswira ya jengo, inamkabidhi mkalimani, naye anaifikisha kwenye chipu. Kwenye Linux wakalimani hawa wana kambi mbili.

Draiva huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Sehemu yake moja inaishi ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, nyingine kwenye Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za michoro, mradi ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Kadi za Intel zinatumia i915, na zile mpya zinatumia Xe. Za AMD zinatumia amdgpu. Za NVIDIA zina Nouveau, ambayo kwa sehemu kubwa ilijengwa na watu wa nje ya kampuni kwa kuichunguza kadi inavyojibu, amri moja baada ya nyingine, mpaka ikaingia kwenye keneli mwaka 2010. Draiva funge ni ile inayotoka kwa kampuni ikiwa imekwisha kupikwa: unapakuliwa sahani, jikoni huingii.

Kwa vitendo, leo anayesema draiva funge anasema NVIDIA. AMD nao walikuwa na ya kwao iliyoitwa fglrx, na wazee wa Linux wanaikumbuka kwa maumivu. Lakini mwaka 2007 walianza kutoa nyaraka za kadi zao hadharani, mwaka 2015 amdgpu ikaingia kwenye keneli 4.2, na fglrx ikazikwa. Intel wao walishachagua njia ya huria kwa michoro yao siku nyingi. Kwa hiyo swali linawahusu watu wawili: aliyekwisha kuwa na kadi ya NVIDIA, na ambaye bado hajatoa hela, anayeweza kuchagua ukoo wa kadi.

Kuna jina linalowachanganya wengi, tulimalize mapema. Tangu Mei 2022 NVIDIA wameweka wazi msimbo wa moduli zao za keneli, vile vipande vya draiva vinavyoingia kwenye keneli, kwa kadi za kizazi cha Turing, yaani za 2018, na zilizofuata. Ndiyo maana kwenye orodha ya draiva ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, utaona kifurushi kinachoishia na neno open. Hicho si Nouveau. Ni draiva ileile ya kampuni, sehemu yake ya chini imefunguliwa, na sehemu kubwa ya juu inayobeba CUDA (ya hesabu nzito), OpenGL na Vulkan (za michoro), njia ambazo programu huzitumia kuifikia kadi, bado imefungwa. Katika ulinganisho huu naihesabu upande wa funge.

Vigezo

Nimechagua saba: urahisi wa kuiweka na bando linalotumika, kasi, kazi maalumu zinazokuingizia riziki, tabia yake wakati wa kusasisha, umri, betri na projekta, na haki ya kuifungua na kuitengeneza. Havina uzito sawa. Mwandishi wa Ulaya anayenunua kadi mpya dukani ataanza na kasi. Mimi naandika Dar, ambako laptopu nyingi tunazonunua zimeshafanya kazi miaka mitano au zaidi katika ofisi ya mtu mwingine, kwa hiyo kigezo cha umri nitakaa nacho zaidi.

Kuiweka, na bando

Huria: hakuna cha kuweka. Ukiwasha Mint, Ubuntu au Fedora kutoka kwenye flashi, draiva imo ndani ya keneli na inajitambulisha yenyewe. Masasisho yake yanakuja pamoja na ya mfumo mzima, na vifurushi vya Mesa si vikubwa. Mwenye kuishi kwa bando la wiki atalipenda hili.

Funge: inapakuliwa pembeni. Faili kamili kutoka tovuti ya NVIDIA linazidi megabaiti 300, na kila unapohamia tawi jipya, yaani mfululizo mpya wa matoleo, unapakua tena. Ushauri wangu ni kutolifuata huko kabisa. Kwenye Mint fungua Meneja wa Draiva; kwenye Ubuntu andika ubuntu-drivers list uone zinazoifaa kadi yako, kisha sudo ubuntu-drivers install. Ukipitia njia hiyo, mfumo unajua ulichoweka na utakitunza.

Kama mashine ina ulinzi wa kuwasha unaoitwa Secure Boot, na moduli inajengewa kwenye kompyuta yako mwenyewe, utaulizwa nywila. Iandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya utakutana na skrini ya buluu yenye maandishi meupe inayohesabu sekunde kumi kurudi nyuma. Hapo ndipo wengi wanapopotelea: wameenda kuchukua chai, sekunde zimeisha, mashine imeendelea kuwaka kama kawaida, na draiva imekataliwa kimyakimya. Bonyeza kitufe chochote kabla ya sekunde kwisha, chagua Enroll MOK, ingiza ile nywila. Inafanywa mara moja tu.

Kasi

Kwa AMD na Intel, draiva huria haina cha kuionea aibu. Ushahidi mzuri ni Steam Deck, mashine ya gemu ya Valve iliyotoka Februari 2022: ndani kuna chipu ya AMD, na draiva ya Vulkan inayoiendesha ni RADV, ya Mesa, iliyoanzishwa na wasanidi waliokuwa nje ya AMD. RADV ilikua mpaka AMD wenyewe, mwaka 2025, wakaacha kuendeleza ya kwao iliyoitwa AMDVLK na kuielekeza nguvu yao huko.

Kwa NVIDIA hali ni nyingine, na inategemea sana kizazi cha kadi. Kuanzia mfululizo wa GTX 900 wa mwaka 2014, faimuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu, inayoiruhusu kubadili kasi yake lazima iwe na saini ya kidijitali ya kampuni. Nouveau haikupewa saini hiyo kwa kazi hiyo. Matokeo yake kadi inabaki kwenye mwendo ule wa kuwashia, kama daladala lililong'ang'ania gia ya kwanza likipanda Kimara. Dirisha linafunguka, barua inaandikwa, video ya kawaida inaonekana. Gemu au kazi ya pande tatu, sahau. Quadro P1000 ya pale Kariakoo iko kwenye kundi hili.

Kadi za Turing na zilizofuata zimepata nafuu. Zina prosesa ndogo ndani yake iitwayo GSP inayosimamia mambo ya kasi, na keneli 6.7 ya Januari 2024 iliifundisha Nouveau kuongea nayo. Juu yake kuna NVK, draiva ya Vulkan iliyotangazwa mwaka 2022 na kuingia Mesa 23.3 mwaka uliofuata. Inakua haraka na inatumika, lakini bado draiva funge inaitangulia, tena kwa gemu nzito pengo unaliona kwa macho. Kwa kasi tupu juu ya kadi ya NVIDIA, funge ndiyo ya kuchukua. Hilo nalisema bila kusita, ingawa moyo wangu uko upande mwingine.

Kazi maalumu

Hapa ndipo kampuni ilipojenga ukuta wake. CUDA ilitoka mwaka 2007, na tangu hapo vitabu, kozi na programu za hesabu nzito zimeandikwa zikiichukulia kama hewa. Mwanafunzi wa Mlimani anayejifunza kufundisha modeli za akili mnemba kwa PyTorch atakuta mafunzo mengi yanaanza kwa kuhamishia data kwenye CUDA. CUDA ya NVIDIA inahitaji draiva funge. Nouveau haiwezi kuibeba.

Kwa upande wa huria, AMD wana ROCm, mbadala wao wa CUDA, ambayo kwa sehemu kubwa ni msimbo wazi na PyTorch inaielewa, ila orodha ya kadi inazozikubali rasmi ni fupi. Laptopu ya AMD ya kawaida mara nyingi haimo. Intel nao wana ya kwao, oneAPI. Zote mbili ni njia za kweli, lakini utazipita ukiwa na wenzako wachache wa kuuliza, na ukikwama saa sita usiku hilo linaumiza.

Blender, programu ya picha za pande tatu, ni mfano unaoonyesha pande zote vizuri. Injini yake ya kukokotoa picha, Cycles, inakubali CUDA na OptiX kwa NVIDIA, HIP kwa AMD, oneAPI kwa Intel. Mchora ramani za nyumba anayetaka kumwonyesha mteja sebule yenye mwanga wa jioni anaweza kufanya hivyo kwa kadi ya ukoo wowote kati ya hizo, mradi ni ya kizazi kinachokubalika. Mwenye NVIDIA na Nouveau tu, hapana: atakokotoa kwa prosesa kuu, na picha moja itamla usiku mzima.

Wahariri wa video ninaowajua, wengi wao wa harusi na kitchen party, wamegawanyika. Anayefanya kazi kwa Kdenlive au Shotcut anaweza kuishi vizuri na Intel: chipu ya ndani ina kifaa cha kusimba video, na draiva huria inakifikia kupitia njia ya Linux iitwayo VA-API. Kwa klipu za mitandao na video ya saa mbili ya ukumbini, inatosha. Lakini anayefanya kazi kwa DaVinci Resolve, na rangi ndiyo biashara yake, atajitesa bure bila NVIDIA na draiva funge. Programu hiyo inaiegemea kadi kwa karibu kila kitu.

Wakati wa kusasisha

Huria inasafiri na keneli. Keneli mpya ikija, draiva imo ndani yake, imejaribiwa nayo. Haimaanishi haikosei: kuna matoleo ya keneli yaliyoleta skrini inayopepesa kwa wenye chipu fulani za Intel au AMD, na dawa yake ikawa kurudi keneli ya nyuma na kusubiri. Ila kosa likitokea, linaonekana kwa wengi na kurekebishwa hadharani.

Funge inakaa nje ya keneli. Kila keneli mpya inapoingia, lazima moduli yake nayo ipatikane kwa keneli hiyo, ama ikiwa imejengwa tayari na watunzaji wa mfumo, ama ijengwe kwenye mashine yako na zana iitwayo DKMS. Uzi huo ukikatika, unaamka na skrini nyeusi.

Uliwahi kukatika mikononi mwangu. Ijumaa usiku, Sinza, nilikuwa namsaidia rafiki ambaye kesho yake alikuwa na harusi ya kurekodi. Nikaona nisasishe mashine yake kabla ya kulala. Betri ya laptopu ilikuwa imeshachoka, inakaa dakika chache tu. Moduli ilipokuwa katikati ya kujengwa, umeme ukakatika mtaa mzima, na mashine ikazima nao. Uliporudi, ilitoa nembo, kisha giza, na kialama kidogo kikipepesa kona ya juu kushoto. Mwenye mashine hakusema neno. Alikaa tu kitandani akiitazama.

Kosa lilikuwa langu, si la draiva. Na lilipona kwa dakika ishirini, kwa njia ambayo kila mwenye draiva funge anapaswa kuijua kabla hajaihitaji. Wakati mashine inawaka, shikilia Shift, au gusagusa Esc, mpaka orodha ya GRUB itokee. Chagua Advanced options, kisha keneli ya pili kutoka juu, ile ya zamani. Moduli yake bado iko salama, kwa hiyo skrini inarudi. Halafu fungua terminali, andika sudo dpkg --configure -a, acha mfumo umalizie ulichokatiziwa. Tangu siku ile sisasishi keneli bila betri yenye nguvu au UPS, na kamwe usiku wa kuamkia kazi.

Umri

Mtu wa Berlin anayenunua kadi mpya, draiva ikiachwa baada ya miaka tisa, yeye kadi alishaiuza. Ameiuza kwa nani? Kwa mfanyabiashara, aliyeipakia kontena, likashuka bandarini hapa. Sisi tunaingia kwenye maisha ya mashine pale ambapo mtengenezaji anajiandaa kutoka.

Funge ina siku ya kufa inayotangazwa. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Fermi, ambazo tawi lao la mwisho lilikuwa 390, ziliachwa mwishoni mwa 2022. Za Kepler, zilizoishia tawi la 470, ziliachwa mwaka 2024. Maxwell, Pascal na Volta zimeambiwa tawi lao la mwisho ni 580. Tawi la 590 lilipokuja Desemba 2025 halikuzibeba tena, na wanaotumia Arch, mfumo unaosasishwa bila kupumzika, wakalazimika kuhamia kifurushi cha zamani kinachotunzwa na watumiaji wenzao. Draiva iliyoachwa haizimi siku hiyohiyo. Inafanya kazi mpaka keneli inapobadilika kiasi cha kutokubaliana nayo, au mpaka tundu la usalama linapotokea na hakuna wa kuliziba.

Huria inaishi mradi yupo anayeijali. Chipu za Intel za Sandy Bridge, za mwaka 2011, bado zinafanya kazi na Mesa ya leo, na mwaka 2021 draiva ya michoro ya chipu za enzi hizo iliandikwa upya kwa jina la crocus. Kadi za AMD za mwaka 2012, kama Radeon HD 7970, zilikuwa bado zinaletewa marekebisho mwaka 2025. Nani alilipia maboresho ya kadi ya miaka kumi na tatu? Hakuhitajika mwenye kiwanda. Msimbo ulikuwa wazi, akatokea mwenye nia.

Haki itendeke: huria nayo inaacha watu. Mwaka 2022 Mesa 22.0 iliondoa draiva za kadi kongwe kabisa, zile Radeon za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini linganisha miaka ishirini na miaka tisa, kisha uangalie bei uliyolipa Kariakoo.

Kuna ujanja mdogo unaosaidia kwenye mashine za kiinjinia, ZBook, Precision na ThinkPad za mfululizo wa P. Herufi ya kwanza ya jina la Quadro mara nyingi inataja kizazi: K ni Kepler, M ni Maxwell, P ni Pascal, T ni Turing. K imeshaachwa. M na P ziko kwenye tawi la mwisho. T na zile zenye RTX bado zina maisha marefu pande zote mbili. Zipo chache zinazovunja kanuni hii, lakini kwa mtu aliyesimama dukani inatosha kuanzia mazungumzo ya bei.

Betri na projekta

Laptopu yenye kadi mbili, Intel na NVIDIA, ina swali la ziada: ile kubwa ilale lini? Nouveau kwa kawaida inaizima yenyewe ikiwa haina kazi. Draiva funge inaweza kuilaza kabisa kuanzia kadi za Turing kwenye mashine zinazokubali. Kwa Pascal na zilizotangulia, mara nyingi inabaki inakula umeme hata ikiwa haifanyi kitu. Dawa ni sudo prime-select intel, kuwasha upya, na kadi inazimwa mpaka utakapoihitaji. Kwa joto la Dar la Februari, feni inayotulia ni faida unayoisikia kwa masikio.

Tahadhari kwa wanaotoa mada au kuonyesha picha ukumbini: kwenye mashine nyingi za kiinjinia tundu la HDMI limeunganishwa na kadi ya NVIDIA, si ya Intel. Ukiwa umeizima, projekta haitaona kitu. Jaribu nyumbani, si mbele ya wageni.

Haki ya kuifungua

Harakati nzima ya programu huria ina asili kwenye draiva. Richard Stallman, mwanaprogramu aliyekuwa chuo cha MIT cha Marekani, alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa inakwama karatasi bila kuwaambia watumiaji, akanyimwa msimbo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi huria. Kwa hiyo anayekuambia kwamba uhuru wa draiva ni mambo ya wasomi tu, mkumbushe kwamba mwanzo wake ulikuwa karatasi zilizokwama.

Hapa kwetu nalo si jambo geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa. Kwa draiva huria, kijana wa Tabata mwenye subira anaweza kusoma kosa, kulitafuta kwenye msimbo, na kutuma marekebisho yatakayofika kwa dunia nzima. Kwa draiva funge anaweza kutuma malalamiko.

Ila tusijidanganye kwamba huria ni safi asilimia mia. Kadi za AMD, na Intel za kisasa, zinahitaji faimuwea ya kampuni inayopakiwa kwenye chipu wakati wa kuwasha, nayo imefungwa. Watengenezaji wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, walipigia kura suala hili mwaka 2022, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 kisakinishi chao kinabeba faimuwea hizo. Ambaye hazitaki kabisa ataenda kwenye mifumo kama Trisquel, na achague mashine yake kwa uangalifu mkubwa.

Nani achukue nini

Kama kazi yako ni barua, Excel, mihadhara ya mtandaoni, filamu na kuandika programu za kawaida, nunua laptopu yenye Intel au AMD pekee, EliteBook, Latitude au ThinkPad za mfululizo wa T, ubaki na draiva huria iliyomo. Usilipe zaidi kwa kadi ya NVIDIA ambayo hutaitumia. Itakuletea joto na draiva yenye siku ya mwisho.

Kama unaweka maabara ya shule au kituo cha mafunzo, mashine ishirini za kutunzwa na mwalimu mmoja, huria tena. Hutaki skrini ishirini nyeusi baada ya likizo.

Kama unacheza gemu na bado hujanunua, AMD kwa draiva huria ni njia iliyonyooka. Kama tayari una kadi ya NVIDIA, weka draiva funge. Kwa kadi za Turing na kuendelea chagua kifurushi chenye neno open, na kwa mfululizo wa RTX 50 hicho ndicho pekee kinachofanya kazi.

Kama unajifunza akili mnemba, au Resolve ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, chukua NVIDIA na draiva funge bila kujilaumu. Ila hakikisha kadi ni Turing au mpya zaidi, na ubaki kwenye Ubuntu au Mint za matoleo ya muda mrefu.

Kama umeshanunua Pascal au Maxwell, kama hiyo P1000, mashine bado ni nzuri. Weka tawi la 580 kwenye Ubuntu 24.04, ambayo inatunzwa hadi 2029, na uizime kadi kwa prime-select siku usizoihitaji. Ukiwa na Kepler, tumia upande wa Intel kwa draiva huria na uihesabu kadi kubwa kama haipo.

Na kama uko dukani sasa hivi na muuzaji hataki uchomeke flashi, mwombe akuonyeshe jina kamili la kadi kwenye Windows, Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukiona P, M au K, punguza bei kwanza. Sisi tulipunguziwa laki na nusu, na mdogo wangu akaichukua.